Kabla hujapita Kona Baridi: siku yako ya kwanza na baiskeli, hema, na wewe mwenyewe

BAISKELI unayo tayari. Pengine ni ile ya mtumba uliyoichagua mwenyewe kutoka kwa rundo, ukamlipa fundi aibadilishe breki na mnyororo. Hema umeazima kwa binamu yako aliyekuwa skauti shuleni. Na kwa wiki tatu sasa, ukiwa umekwama kwenye jam ya jioni, umekuwa ukifungua ramani kwenye simu na kuisukuma kwa kidole kutoka Nairobi hadi Magadi. Kidole hakijachoka hata mara moja. Miguu bado haijaulizwa.

Tuongee basi kuhusu siku ya kwanza. Sitakuhubiria kuhusu uhuru na upepo usoni, hayo utayapata TikTok. Ninachotaka kukuambia ni kwamba safari kama hii haivunjwi na simba wala majambazi, hata kama ndio watu wa mtaa watakaokutajia. Huvunjwa na siku ya kwanza iliyoendeshwa kama mtu anafukuzwa. Unafika gizani, unakula biskuti kwa kuwa huna nguvu ya kupika, unasimamisha hema kwa tochi ya simu, unalala vibaya. Asubuhi pikapu ya kwanza inayoelekea Nairobi ikitokea, mkono unajiinua wenyewe.

Nimeichagua Barabara ya Magadi kwa makusudi. Inaanzia karibu na kwetu, pale Bomas, kwa hivyo huhitaji kubebesha baiskeli kwenye basi. Ukishapita Kiserian magari hupungua sana, tofauti na barabara ya Nakuru au ile ya Mombasa ambako trela moja hufuatwa na nyingine. Na ina mahali halali pa kulala katikati, Olorgesailie, kama kilomita 65 kutoka mjini. Magadi yenyewe iko mbali zaidi, kama kilomita 110.

Najua unachofikiria. Kilomita 110, nyingi zikiwa za mteremko, kwa nini nisimalize siku moja? Jamaa wa mbio wanazimaliza na kurudi. Ni kweli, lakini jamaa wa mbio hawabebi hema, sufuria na lita tano za maji, na wao wamekuwa wakiamka saa kumi alfajiri kwa miaka. Siku ya kwanza ya safari ndefu si siku ya kujipima nguvu. Ni siku ya kujua kama mzigo umefungwa vizuri, kama tandiko linakuua, na kama unaweza kukaa na nafsi yako kuanzia magharibi hadi usingizi uje. Mambo hayo hayahitaji kilomita 110.

Mzigo kwanza

Anza na fundi, wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Mwambie wazi unaenda na mzigo, maana baiskeli ya kwenda dukani na baiskeli ya kubeba kilo 15 nyuma ni vitu viwili tofauti. Akague spoki za gurudumu la nyuma moja moja, hilo ndilo litakalobeba kila kitu. Abadilishe mipira ya breki hata kama ya zamani inaonekana bado iko sawa. Kisha mwombe akufunze kuziba pancha, na uzibe mwenyewe mbele yake, mikono yako ndiyo ichafuke. Atacheka. Mwache acheke.

Unachobeba kinategemea mfuko wako, ila kuna vitu havina mjadala: tyubu mbili za ziada, vibandiko na gundi, pampu inayofanya kazi (ijaribu!), spana ndogo za kukunja, taa ya kichwani, blanketi jepesi au mfuko wa kulalia, mkeka wa sponji, na jaketi ya refleka kama zile za watu wa bodaboda. Dawa ya maumivu, plasta, chumvi kidogo. Kofia ngumu ya kichwani. Kama huna pesa ya mifuko rasmi ya baiskeli, chukua mifuko miwili ya shule, ifunge pande zote mbili za keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, na ndani uweke nguo kwenye karatasi za nailoni. Vitu vizito viwe chini. Watu wa maziwa na mkaa wamebeba hivyo miaka nenda miaka rudi na hawajawahi kusoma makala kama hii.

Halafu fanya jambo ambalo karibu kila mtu huliruka. Jumapili moja kabla ya safari, funga mzigo wote, maji yakiwemo, uendeshe saa mbili mtaani. Panda kilima. Shuka kilima. Watoto watakukimbilia wakiuliza unahama keja. Hapo ndipo utagundua kwamba baiskeli yenye mzigo nyuma hucheza mkia ikishika kasi, kwamba breki zinahitaji umbali mara mbili, na kwamba sufuria inagonga keria kwa mlio wa kukutia wazimu. Bora uyajue hayo karibu na nyumbani.

Mama na kimya chake

Mama atakuuliza, "Unaenda na nani?" Ukimwambia peke yako, hatapiga kelele. Atanyamaza kwanza, na kimya hicho ndicho kigumu. Kisha: "Kwani umekosana na watu?"

Usimjibu kwa kujigamba. Mwandikie kwenye karatasi, ndiyo, karatasi, maana simu yake ina jumbe mia mbili za vikundi vya WhatsApp. "Mama, saa nne asubuhi nitakuwa Kona Baridi, nitakupigia. Saa kumi na nusu jioni nitakuwa Olorgesailie, nitakupigia tena. Nisipopiga kufikia saa moja usiku, piga nambari hii." Nambari hiyo ni ya anayesimamia kambi, ambaye wewe umeshampigia siku mbili kabla kuuliza kama kuna nafasi, malipo ni vipi, na kama kuna maji. Mwambie pia mama kwamba mtandao kule huja na kwenda, ili dakika kumi za kutopatikana zisimwamshe ukoo mzima.

Ukiwa msichana, kimya chake kitakuwa kirefu zaidi, na sitakuambia eti hana sababu. Mwaka wa 1963 mwanamke wa Ireland, Dervla Murphy, aliondoka kwao wakati wa baridi kali na kuendesha baiskeli hadi India peke yake, akiwa na miaka 31. Mwaka wa 1992, akiwa na miaka 60, aliendesha kutoka hapa Kenya hadi Zimbabwe. Hadithi hiyo haitamtuliza mama yako hata kidogo, lakini ni yako, ibebe. La kivitendo ni hili: barabarani usimwambie kila anayeuliza kwamba uko peke yako na unalala wapi. "Wenzangu wako nyuma" ni jibu zuri kwa mtu usiyempenda anavyouliza. Na ukifika mahali moyo ukakataa, ondoka bila kuomba radhi.

Kutoka mjini

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukiwa ndio unaanza. Chagua Jumapili ukiweza. Siku za kazi foleni ya asubuhi humiminika kuelekea mjini, na wewe unaenda upande wa pili, lakini matatu za 125 na 126 hurudi Rongai na Kiserian zikiwa tupu na zina haraka ya kujaza tena. Dereva mwenye haraka na gari tupu hakuoni. Vaa refleka hata jua likiwa limetoka. Kaa upande wako kwa mstari ulionyooka, usicheze mashimo kwa ghafla, na matatu ikisimama mbele yako stejini usiipite kwa kushoto. Mlango utafunguka, kondakta ataruka, na nyote wawili mtakuwa chini.

Kilomita za kwanza ukipita msitu na uzio wa mbuga ya Nairobi, tazama kando ya lami. Ngiri huja kula nyasi pale, mkia juu, wakiwa wamezoea watu kuliko wewe ulivyozoea tandiko lako. Hapo pia ndipo utajikuta unakimbia. Mwili una nguvu za asubuhi, moyo umejaa, barabara ni laini. Punguza. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kusema sentensi nzima kwa sauti bila kuvuta pumzi katikati, unaenda kasi mno. Sema chochote. Hakuna anayekusikia.

Rongai ni Rongai. Pita mapema kabla haijaamka vizuri, ushuke na kusukuma pale pa kubanana. Hakuna medali ya kupita stendi ya Rongai ukiwa juu ya baiskeli.

Kiserian, kilomita 25 hivi kutoka mjini, simama ule. Hata kama huna njaa. Chai ya maziwa, chapo mbili na ndengu. Njaa ya baiskeli haibishi hodi kama ya kawaida. Huja ghafla, miguu inakuwa ya pamba, unaanza kukasirikia mawe. Ukiisikia, umechelewa. Kwa hivyo kula kabla, kidogo kidogo, kila saa moja: ndizi, karanga, kipande cha mandazi. Na kunywa maji kabla ya kiu.

Baada ya Kiserian barabara inapanda. Si mlima wa kutisha, lakini na mzigo utausikia kwenye magoti. Tumia gea nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Ikikushinda, sukuma. Kijana fulani kwa bodaboda atapita na kukupigia kelele, "Pandaaa!" Mpungie mkono.

Mahali pa kuamua

Kisha unafika Kona Baridi, pale barabara inapokata mkia wa Vilima vya Ngong, na mara dunia inafunguka mbele yako. Bonde la Ufa lote liko chini, rangi ya vumbi na majani makavu, milima imekaa kama mifugo iliyolala. Upepo wa pale umelipa jina hilo mahali penyewe. Watu husimama kupiga picha, na wewe piga. Lakini usimame kwa sababu nyingine pia.

Fanya hesabu hii. Nairobi mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapo uliposimama ni mita 2,000 hivi. Olorgesailie ni karibu 1,000, na Magadi iko kwenye 600. Maana yake ni kwamba kutoka mjini hadi Kona Baridi umepanda mita 300 tu. Kuanzia hapo unashuka mita 1,000 kabla ya jioni, na kila mita utakayoshuka leo kwa raha, ni yako ya kupanda siku ya kurudi, kwa jua, na miguu iliyokwisha kazi. Ukigeuza pale Kona Baridi, uko nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Ukigeuza ukiwa Oltepesi, una shida. Matatu za njia hiyo si nyingi, na si kila moja ina nafasi ya baiskeli.

Kwa hivyo egesha baiskeli, kaa chini, na ujiulize maswali ya mtu mzima. Ni saa ngapi? Kama imepita saa sita, umechelewa, na heri kurudi na kujaribu wiki ijayo kuliko kufukuzana na giza. Breki zikoje? Zibane moja moja, usukume baiskeli kwa nguvu. Gurudumu likiteleza hata kidogo, hushuki hadi zirekebishwe. Goti linauma au limechoka tu? Uchovu huisha ukikaa dakika kumi, maumivu ya goti hubaki. Umekojoa tangu uondoke? Usicheke. Kama hujakojoa, hujakunywa maji ya kutosha, na huko chini jua litakumaliza.

Mimi nawaheshimu zaidi watu wanaogeuza Kona Baridi kuliko wale wanaopita kwa sababu tayari wameshaposti kwamba wanaenda. Posti hazipandi kilima. Na hii ndiyo faida ya kuwa peke yako ambayo watu hawaisemi: hakuna wa kumwonea haya. Mkiwa watano, mwenye goti bovu atanyamaza ili asiharibu raha ya wengine. Ukiwa mmoja, unaweza kuwa mwoga kwa dakika ishirini bila shahidi, kisha ukaamua.

Ukiamua kushuka, mpigie mama kwanza.

Na ukishuka, shuka pole. Breki za mipira inayobana rimu hupata moto kwenye mteremko mrefu, na ukizikamata mfululizo hupoteza makali, rimu nayo huchemka hadi tyubu iko hatarini. Bana kwa nguvu, achia, bana, achia, ya nyuma na ya mbele kwa zamu. Kaa nyuma kidogo kwenye tandiko. Mkia ukianza kucheza, usikamate breki ya mbele kwa hofu. Bana fremu kwa magoti, punguza polepole kwa ya nyuma. Na simama kila baada ya muda, rimu zipoe, hata kama mwendo ni mtamu. Macho nayo yaache mandhari, yatazame lami. Mbuzi hawasomi ishara za barabarani.

Kwa watu

Kisamis utafika karibu saa tano au sita, na harufu ya nyama itakupokea kabla ya mtu yeyote. Kula nyama kidogo, ugali kidogo. Ukishiba kama uko harusini, saa mbili zijazo zitakuwa za mateso. Jaza maji hapa: lita tano, juu ya zile chupa ulizo nazo mkononi. Ni kilo tano zaidi, ndiyo. Beba. Mbele ni nchi kavu, na hata kambini usitarajie bomba la kukusubiri.

Kaa hapo kivulini hadi saa nane na nusu. Najua utaona ni kupoteza wakati, na kweli kwa baiskeli tupu ungeweza kuendelea. Lakini Kisamis bado kuna hewa ya juu. Kila kilomita unayoshuka joto linaongezeka, na jua la saa saba kule chini ni kitu unachotaka kukipita ukiwa umeketi. Lala. Soma. Ongea na watu.

Kwa maana watu wataongea nawe. Mzee mwenye shuka na rungu atakusogelea, aikague baiskeli kama ng'ombe wa mnadani, kisha aulize, "Kijana, unatoka wapi?"

"Natoka Nairobi, mzee."

"Na gari imeharibikia wapi?"

"Sina gari, mzee. Nimekuja na hii."

Atanyamaza, aangalie mzigo, aangalie miguu yako. "Na huko Nairobi hakuna kazi?"

Cheka naye. Swali ni la haki, na jibu pengine unalijua. Msalimie kwa lugha yake ukiweza. Kwa mwanamume, "Supa", naye atajibu "Ipa". Kwa mama, "Takwenya", naye atajibu "Iko". Maneno mawili tu, lakini yanabadilisha uso wa mtu. Kisha muulize kuhusu barabara. Atakuambia mvua imenyesha wapi, daraja gani lina shimo, ndovu wameonekana upande gani au hawajaonekana, na habari zake ni mpya kuliko za simu yako.

Na kumbuka ardhi unayoiona kutoka juu ya tandiko si tupu. Pale unapoona vichaka na vumbi ni malisho ya mtu, na kile kijia ni njia ya ng'ombe wake kwenda majini. Usisimamishe hema popote kwa kuwa hakuna nyumba karibu. Ikitokea umekwama kabla ya kambi, nenda boma la karibu, simama mbali kidogo, salimia, uulize. Mara nyingi utapewa pahali, na chai juu yake. Usipige watu picha kabla ya kuwaomba.

Kutoka Kisamis si mteremko mtupu kama ramani inavyodanganya. Barabara inapanda na kushuka, inapinda, joto linaanza kukushika mabegani. Ukitaka kupumzika chini ya mgunga, usisukume baiskeli hadi kivulini. Ibebe, au iache kando ya lami. Miiba ya mgunga iliyodondoka chini ni mirefu na migumu kuliko tairi lolote la pesa unazoweza kulipa, na hii ndiyo hatari ya kweli ya nchi hii, si fisi. Pancha mbili jua likiwa utosini zitakula saa nzima.

Saa kumi na nusu

Baada ya kituo kidogo cha Oltepesi, kibao kitakuelekeza kushoto. Umefika Olorgesailie na bado kuna saa mbili za mwanga. Huo ndio ushindi wa siku, na kwa mtu anayepita kwa gari hauonekani kabisa.

Eneo hili liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kuna vibanda vya kulala na uwanja wa kambi. Lipa, jisajili, umwambie msimamizi uko peke yako (yeye mwambie), akuonyeshe pa kuweka hema. Chagua pahali pa tambarare, si chini ya tawi kavu, na kamwe si kwenye laga, hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Mvua inaweza kunyesha kule juu Ngong na maji yakakujia wewe uliye chini ya nyota. Simamisha hema kwanza, tandika, weka taa mahali mkono utaipata gizani. Kisha piga simu. Kisha ndipo ukae.

Ukiwa bado na miguu, zungukia eneo na mwongozaji. Mwanajiolojia John Walter Gregory aliona zana za mawe hapa mwaka wa 1919, na mwaka wa 1942 Mary na Louis Leakey wakagundua jinsi zilivyokuwa nyingi. Bado ziko palepale chini, mamia ya mashoka ya mkono, unayatazama kutoka kwenye daraja la mbao. Watu waliyachonga kwa mamia ya maelfu ya miaka. Ya zamani kabisa yana zaidi ya miaka milioni 1. Wakati huo hapa palikuwa na ziwa. Na mwaka wa 2018 watafiti walieleza zana ndogo zaidi, za miaka kama 320,000, baadhi zikiwa za jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo, ambalo halipatikani hapa. Lilitoka makumi ya kilomita mbali. Mtu alilibeba. Bila keria.

Pika mapema. Chochote chepesi: tambi, nyanya, mayai mawili yaliyofika salama kwenye soksi. Oga kwa kikombe kimoja cha maji. Shingo, kwapa, miguu, inatosha. Sugua magoti. Kagua tairi kwa vidole utafute miiba iliyozama, maana pancha nyingi za asubuhi ziliingia jana jioni. Chakula chote kiingie ndani ya mfuko uliofungwa au kwa msimamizi, la sivyo nyani watakusaidia alfajiri.

Halafu jua linazama, haraka kama linavyozama kwetu, na inakuja ile saa ambayo hakuna mtu alikuonya. Saa moja usiku. Umekula. Simu iko kwenye asilimia 40 na umeizima kuhifadhi chaji. Hakuna stima, hakuna TV ya jirani, hakuna mat inayopiga honi. Hujawahi kuwa peke yako hivi tangu uzaliwe. Ndani ya keja hesabu haiingii, maana pale unasikia watu ukutani. Utafikiria kazi uliyoikosa, mtu aliyeacha kukujibu, na kwa nini hasa uko hapa. Utatamani kurudi nyumbani. Wengi wanaotamani kurudi hutamani saa hiyo, si wakati wa kupanda kilima.

Usiamue lolote saa hiyo. Toka nje ya hema, kaa kwenye mkeka, zima taa. Macho yatachukua kama dakika ishirini kuzoea giza, na ukiwa mtu wa Pipeline au Kayole, utaona nyota ambazo hukujua ziko. Fisi akilia, atasikika karibu kuliko alivyo. Lori la magadi likishuka gea barabarani, utafurahi ajabu kulisikia. Chora kesho kichwani: kuondoka saa kumi na mbili kasoro, kilomita kama 45 zilizobaki, joto la Magadi, chumvi nyeupe na heroe wa waridi kama wapo.

Ingia ndani, funga zipu yote hadi mwisho, viatu viwe ndani au uvikung'ute asubuhi kabla ya kuvivaa, kwa ajili ya nge. Utaamka saa nane usiku kwa sauti usiyoijua. Sikiliza. Mara nyingi ni kamba ya hema ikigongwa na upepo. Ivute, ikaze, ulale tena.